Dashibodi inasema imeshindwa, mtumiaji anasema ipo: uanzie wapi?

Swali la msomaji: Ninasimamia kompyuta 180 za ofisi, zote za Windows, kwa kutumia Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta kutoka mbali. Nimesambaza toleo jipya la programu ya kusomea na kutia saini PDF. Mashine 117 zimekubali, 41 zinaonyesha zimeshindwa, na 22 zinasema bado zinasubiri. Nikienda kwenye mashine iliyoshindwa nikainstoli kwa mkono, inakubali bila tatizo. Halafu kuna watu dashibodi inasema wameshindwa, lakini programu wanayo na wanaitumia. Nimeshaondoa mgawo (agizo la mashine zipi zipewe programu) na kugawa upya mara kadhaa, hali ni ileile. Nizunguke meza kwa meza?

Jibu:

Usizunguke bado, ndugu yangu. Na kabla ya yote, acha kugawa upya. Kila unapoondoa mgawo na kuurudisha unazipa mashine nafasi ya kushindwa tena kwa sababu ileile, na unazidi kujaza logi (faili zinazoandika kila kilichotokea) ambazo ndizo ushahidi wako pekee. Wakala wa Intune, yaani programu yake ndogo iliyoko kwenye kila kompyuta, anajua mwenyewe kurudia: akishindwa hujaribu mara chache kwa kufuatana, kisha hukaa takriban saa 24 ndipo ajaribu upya. Ukigawa saa nne asubuhi na kuchungulia saa sita mchana, huenda unatazama matokeo ya jana.

Swali lako ni maswali matatu yaliyofungwa pamoja, na ndiyo maana hayatatuki kwa dawa moja. Kuna mashine ambazo hazijapata agizo, kuna ambazo kisakinishi kimekimbia kikaanguka, na kuna ambazo kila kitu kimekwenda sawa isipokuwa ripoti. Dashibodi inazionyesha zote kwa rangi zinazofanana. Kazi yako ya kwanza ni kujua kila mashine imekwama hatua ipi: je, agizo limefika? Faili limeshuka? Kisakinishi kimeendeshwa, na kimerudisha namba gani? Baada ya hapo, Intune imeiona programu ilipoitafuta?

Zile 22 zinazosubiri ziweke kando. Angalia tarehe ya mwisho kila moja ilipowasiliana na Intune. Nyingi utakuta ni laptopu zilizofungwa kwenye begi la mtu aliye likizo, au ni rekodi za zamani za mashine zilizofutwa na kusajiliwa upya kwa jina jingine. Rekodi ya namna hiyo haitakubali programu kamwe kwa sababu kompyuta yenyewe haipo tena. Futa rekodi zilizokufa, subiri waliolala waamke, usihesabu chochote hapo kuwa kushindwa.

Sasa zile 41. Toa orodha yake kutoka kwenye ripoti ya programu, ifungue kwenye jedwali, kisha ipange kwa msimbo wa hitilafu. Usipange kwa jina la mtumiaji wala kwa idara, hata kama bosi wa idara fulani ndiye anayepiga simu kila nusu saa. Ninavyozijua kazi hizi, utapata misimbo michache tu, na mmoja wao utakuwa umebeba fungu kubwa.

Misimbo mingi itaanza na 0x8007. Huo mwanzo ni bahasha tu, barua iko kwenye tarakimu nne za mwisho. Ukiona 0x80070643, fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika `0x643`, bonyeza Enter, nayo itakujibu 1603. Kisha andika `net helpmsg 1603` na Windows yenyewe itakwambia namba hiyo ina maana gani. Vivyo hivyo 0x80070652 ni 1618, na 0x80070666 ni 1638. Huhitaji kubeba kichwani mwako orodha ndefu ya misimbo, hesabu hiyo fupi inatosha.

Msimbo mmoja hauendi kwa kanuni hiyo, na ninashuku ndio uliojaa kwenye orodha yako: 0x87D1041C. Maana yake ni kwamba usakinishaji ulimalizika vizuri, lakini baadaye Intune ilipokwenda kuitafuta programu haikuiona. Hawa ndio watu wako wanaosema "mbona ninayo?" Wanasema kweli. Kilichoharibika ni kanuni ya utambuzi, yaani maelekezo ya jinsi Intune itakavyojua kwamba programu ipo, uliyoandika wewe, au uliyoirithi kwa aliyekutangulia.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu programu za PDF zina tabia moja: zinajisasisha zenyewe. Umesambaza toleo fulani, umeandika kwamba namba ya toleo la faili lazima iwe *sawa na* hiyo. Programu imeingia, siku iliyofuata ikavuta sasisho lake yenyewe, namba ikapanda. Intune inarudi, inaona namba tofauti, inahukumu kwamba programu haipo. Inajaribu kuisakinisha tena juu ya toleo jipya zaidi, kisakinishi kinakataa, na sasa una kosa la pili lililozaliwa na la kwanza. Badilisha kanuni iwe *sawa na au kubwa kuliko*. Kama ulitegemea namba ya bidhaa ya MSI (aina ya faili la kisakinishi la Windows), kumbuka nayo inaweza kubadilika toleo kubwa linapotoka, hivyo hailingani tena na ile uliyoiandika. Kwa programu zinazojisasisha mimi napendelea kuangalia faili lenyewe la .exe na toleo lake.

Chanzo cha pili cha msimbo huohuo ni biti 32 na 64, aina mbili za programu ambazo Windows huzihifadhi kando kando. Wakala wa Intune kijadi ni programu ya biti 32, na Windows humwelekeza upande wa 32 bila kumwambia. Skripti yako ikiandika kitu kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) chini ya HKLM\SOFTWARE, kinaweza kuangukia ndani ya WOW6432Node, sehemu ya programu za biti 32. Ikitumia %ProgramFiles%, inaweza kupelekwa Program Files (x86). Wewe ukikaa kwenye mashine na kufungua PowerShell ya kawaida, unaangalia upande wa 64 na unaapa kwamba kitu kipo, au unaapa hakipo. Wewe na Intune wote mko sahihi, ila mnatazama vyumba viwili. Kwenye kanuni ya utambuzi kuna chaguo la kueleza kwamba programu ni ya biti 32 kwenye mashine ya 64, liangalie. Na kama kifurushi chako kinaendesha skripti, iite kupitia `C:\Windows\Sysnative\WindowsPowerShell\v1.0\powershell.exe` ili ikimbie upande wa 64.

Kama utambuzi wako wenyewe ni skripti, kuna sharti ambalo wengi hulisahau: haitoshi skripti imalize na namba 0. Lazima pia iandike neno lolote kwenye towe lake la kawaida, yaani kile inachochapisha ikiendeshwa. Skripti iliyonyamaza huhesabiwa kuwa haikuona kitu.

Tuje kwenye lile lililokuchanganya zaidi: kwa mkono inakubali. Ndiyo, inakubali, kwa sababu ukiwa umekaa pale hufanyi jaribio lile Intune inalofanya. Wewe umeingia kama msimamizi, una eneokazi lako kwenye skrini, una proksi yako (seva ya kupitia kwenda intaneti), diski ya mtandao yenye herufi Z: inaonekana, na kisakinishi kikiuliza swali unabonyeza "Ndiyo". Intune inasakinisha kwa akaunti ya SYSTEM, yaani akaunti ya Windows yenyewe, ambayo haina eneokazi linaloonekana wala haina herufi Z:. Dirisha likifunguka kuuliza kama unakubali masharti ya leseni, hakuna wa kuliona. Kisakinishi kinakaa kusubiri jibu mpaka muda unaisha, ambao kwa kawaida ni dakika 60, kisha ripoti inasema kimeshindwa. Dalili yake ni hiyo: mashine ambazo zinachukua saa nzima kushindwa.

Basi jaribu kama inavyojaribu Intune. Chukua PsExec kutoka kwenye zana za Sysinternals za Microsoft, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

`psexec -i -s cmd.exe`

Litafunguka dirisha jingine. Andika `whoami`, likijibu `nt authority\system` uko ndani. Sasa endesha amri ileile, neno kwa neno, uliyoiandika kwenye Intune. Usiifupishe, usiongeze kitu. Watu wa usalama wa mitandao waambie mapema, maana zana nyingi za ulinzi hupiga kengele zikiona PsExec, na zina haki.

Mara nyingi jibu linatoka hapohapo. Labda swichi ya kimyakimya si yake: `/qn` ni ya MSI, lakini .exe iliyotengenezwa kwa zana iitwayo Inno Setup inataka `/VERYSILENT`, na ya zana ya NSIS inataka `/S` kwa herufi kubwa, ukiandika ndogo haikusikii. Labda kisakinishi kinavuta faili kutoka folda ya mtandaoni ambayo wewe una ruhusa nayo ila SYSTEM haina. Kwenye domeni (mtandao wa ofisi wenye akaunti za pamoja), SYSTEM hujitambulisha mtandaoni kwa akaunti ya kompyuta yenyewe, si ya mtu. Mashine isiyo ya domeni ya ndani haina hata hiyo akaunti. Dawa ni kuweka kila kitu ndani ya kifurushi. Labda kisakinishi kinashusha sehemu iliyobaki kutoka intaneti na proksi yako imewekwa kwa mtumiaji tu. `Netsh winhttp show proxy` itakuonyesha mipangilio ya proksi ya mashine, na mara nyingi utaona hakuna iliyowekwa.

Kuna jambo jingine la SYSTEM linalochekesha kidogo. Baadhi ya visakinishi vimeundwa vijiweke kwenye folda ya mtumiaji mmoja. Ukiviendesha kama SYSTEM vinatii: vinajiweka kwenye folda ya "mtumiaji" SYSTEM, yaani `C:\Windows\System32\config\systemprofile\AppData\Local`, au iliyo sawa nayo chini ya SysWOW64. Usakinishaji umefanikiwa, namba ni 0, na hakuna binadamu atakayeiona hiyo programu milele. Tafuta kisakinishi cha mashine nzima kwa mtengenezaji; kwa MSI nyingi, kuongeza `ALLUSERS=1` kwenye amri kunatosha.

Sasa 1603. Huo ndio msimbo unaochukiwa kuliko yote kwa sababu unasema tu "kosa kubwa limetokea wakati wa kusakinisha", na hapo watu huanza kupiga ramli: zima antivairasi, ongeza RAM, formati. Usifanye hivyo. 1603 ni mlango tu, na nyuma yake kuna sababu iliyoandikwa. Ongeza logi kwenye amri:

`msiexec /i "programu.msi" /qn /norestart /l*v C:\Windows\Temp\pdf.log`

Faili litakalotoka ni refu mno, usilisome kuanzia juu. Tafuta maneno `Return value 3`. Nenda kwenye mahali pa kwanza yanapotokea, si pa mwisho, kisha panda juu mistari ishirini hadi thelathini. Kosa la kweli liko hapo. Yanayofuata chini yake ni kisakinishi kinarudisha nyuma kila kilichofanya, na makelele yake hayana maana.

Kwa programu ya PDF, mimi ningetarajia kukuta `Error 1306`, yaani programu nyingine imelishikilia faili. Mtumiaji hajafungua PDF, anaapa, lakini Outlook na Word zimebeba kiongezi cha programu hiyo na zimefunguliwa tangu Jumatatu. Hii ndiyo sababu usakinishaji wako wa mkono unakubali: ukifika mezani unamwambia mtu "funga kila kitu kwanza", na umeshatatua tatizo kabla hujaligundua. Njia ya kulitatua kwa mashine zote ni skripti inayoangalia kama Word, Outlook na programu yenyewe ziko wazi. Zikiwa wazi itoke na namba 1618, ambayo Intune huisoma kama "rudi baadaye". Kuziua kwa nguvu kunawezekana, ila jiandae kupokea simu ya mhasibu aliyepoteza kazi ya saa mbili.

Au utakuta toleo la zamani haliondoki: `Error 1714`, na pembeni yake 1612. Hapo kuna hadithi. Kila MSI inaposakinishwa, Windows huweka nakala yake kwenye folda iliyofichwa, `C:\Windows\Installer`, ili baadaye iweze kuirekebisha au kuiondoa. Folda hiyo hunenepa. Siku moja mtu anaona diski imejaa, anasoma ushauri mahali, anafuta vilivyomo. Mashine inaendelea kufanya kazi vizuri kabisa kwa miezi, hadi siku toleo jipya linapotaka kuondoa la zamani na kukuta maelekezo ya kuondolea hayapo. Ukiona mashine zenye kosa hili zote ni za aina moja yenye diski ndogo, umeshajua kisa. Microsoft wana zana ya kutatua matatizo ya kusakinisha na kuondoa programu, inasafisha mabaki ya namna hii. Njia nyingine ni kuirudishia mashine MSI ya toleo lilelile la zamani, iliyo sawasawa na ya awali, ndipo uondoe.

Misimbo mingine nitaipita haraka. 1618 ni kwamba usakinishaji mwingine unaendelea. Windows Installer haifanyi mbili kwa wakati mmoja, na Intune inaujua msimbo huo, itarudi. 3010 si kosa hata kidogo, ni mafanikio yanayodai kompyuta iwashwe upya, lakini hakikisha hukuufuta kwenye orodha ya namba za kurudi uliyopewa na Intune kwa chaguo-msingi. 1638 ni kwamba toleo jingine la bidhaa hiyohiyo lipo tayari. 1619 ni kifurushi kisichofunguka. Angalia jina la faili kwenye amri, nafasi moja kati ya maneno bila alama za kunukuu inatosha kuleta balaa hili. Na 0x80070005 ni kukataliwa ruhusa, mara nyingi ulinzi umezuia faili.

Kwa mashine ambayo haijafika hata kwenye kisakinishi, ingia `C:\ProgramData\Microsoft\IntuneManagementExtension\Logs`. Siku hizi habari za programu zinaandikwa zaidi kwenye `AppWorkload.log`, kwenye mashine ambazo wakala wake ni wa zamani, ziko ndani ya `IntuneManagementExtension.log`. Zisome kwa CMTrace, zana ya Microsoft ya kusomea logi, inazipaka rangi na kuzipanga kwa saa. Tafuta namba ndefu ya utambulisho wa programu yako, ile inayoonekana kwenye anwani ya kivinjari ukiwa umeifungua kwenye Intune, kisha fuata kila inapotajwa. Kama namba hiyo haipo kabisa, mashine haijapewa agizo: kagua kundi na vichujio ulivyoweka. Kama ipo na inaishia kwenye kushusha faili, shughulika na mtandao. Ukitaka mashine iulize sasa hivi bila kungoja, washa upya huduma ya Intune Management Extension.

Tahadhari moja ndogo, kwa sababu skripti za aina hii zinazunguka sana: usitumie `Win32_Product` kuuliza ni programu gani zimesakinishwa. Amri hiyo haiulizi tu, inaamsha ukaguzi wa kila MSI iliyopo kwenye mashine na inaweza kuanza kuzirekebisha bila kuambiwa. Soma funguo za Uninstall kwenye rejista, pande zote mbili, wa 32 na wa 64.

Wasomaji wenye Configuration Manager (mfumo mwingine wa Microsoft wa kusambaza programu), hoja ni ileile ila logi ziko `C:\Windows\CCM\Logs`: `AppDiscovery.log` kwa utambuzi, `AppEnforce.log` kwa usakinishaji wenyewe na namba iliyorudi. Na mnaosambaza MSI kwa Group Policy (sera za domeni), kabla ya kulaumu kifurushi angalieni kama akaunti za kompyuta zina ruhusa ya kusoma folda ya mtandaoni, na kama sera ya kusubiri mtandao wakati wa kuwaka imewashwa. Kompyuta za siku hizi huwaka haraka kuliko mtandao unavyoamka.

Ukishapata sababu ya kila fungu, usirekebishe zote 41 kwa mpigo. Chukua mashine tano kutoka fungu moja, badilisha kitu kimoja tu, na uchague tano zisizofanana: mfano tofauti, ofisi tofauti, mmoja awe yule asiyezima kompyuta yake kamwe. Wape mzunguko mzima wa siku moja kwa ile sababu ya saa 24 niliyoitaja. Kanuni ya utambuzi ndiyo ningeanza nayo, maana kuirekebisha hakumgusi mtumiaji hata kidogo na huenda ikapunguza idadi yako kwa sehemu kubwa bila kusakinisha chochote.

Zikibaki mashine mbili tatu zinazokataa kila kitu, hizo sasa unaweza kuzifuata mezani. Kama moja wapo itakushinda, niandikie msimbo wake, amri kamili uliyoiweka kwenye Intune, kanuni ya utambuzi, na ile mistari thelathini iliyo juu ya `Return value 3` ya kwanza. Futa majina ya watumiaji na ya seva kabla ya kutuma.